Mikono Isitoke Kifuani: Mwongozo wa CPR Bora, Kuanzia Ufukweni hadi Wodini

Aliyekulia Masasi au Nachingwea akachota maji kwenye pampu ya mkono anaijua ile ambayo vali yake ya chini imechakaa. Unapampu mara saba, mara nane, mdomo wa bomba mkavu. Halafu maji yanapanda na kutoka kwa nguvu. Ukiachia mpini umsalimie shangazi anayepita na ndoo, maji yanashuka tena, na ukirudi unaanza upya kupampu pakavu mpaka yapande.

Kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama ni pampu ya namna hiyo. Msukumo wa damu unaoulisha moyo wenyewe unajengeka taratibu, mkandamizo mmoja baada ya mwingine. Ukiacha, unaporomoka kwa sekunde chache tu, na ukirudi, mikandamizo kadhaa ya mwanzo inaishia kuupandisha tena. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kufanya CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa dakika 10 kila mmoja, mmoja akawa amepeleka damu kwenye ubongo na mwingine akawa ametoa jasho tu.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nafanya kazi, mzee wa makamo alianguka kwenye foleni ya maabara. Tulikuwa wanne. Tukampandisha kitandani, godoro laini. Mwenzetu akaanza kukandamiza. Akaacha, tunatafuta mshipa wa dripu. Akaendelea, akaacha, mtungi wa oksijeni unapitishwa. Akaendelea, akaacha tena kwa sababu mtu kasema "ngoja nisikilize mapigo," nasi wote tukabana pumzi tukimtazama yeye na stetoskopu yake. Usiku nilipokaa kuandika taarifa nilipiga hesabu: katika dakika 10, mikono haikuwa kifuani kwa kama dakika 4. Hakupona. Siwezi kusema angepona. Lakini mpini tuliuachia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo wakati linatokea. Kila mtu alikuwa anafanya jambo la maana.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na kwa ajili ya vijana wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), manahodha na wavuvi wa huku kwetu, ambao mara nyingi ndio wanaomfikia mtu wa kwanza.

Hatua ya 1: Tambua upesi, usidanganywe na mkoromo

Mguse mabega kwa nguvu, mwite. Haitiki? Tazama kifua. Kama hapumui, au anapumua isivyo kawaida, anza. Raia wa kawaida asihangaike kutafuta mapigo. Mhudumu wa afya apapase mshipa wa shingoni kwa muda usiozidi sekunde 10, akihesabu kwa sauti ili wenzake wamkatize zikifika. Kama hana uhakika, achukulie kwamba hayapo.

Kinachotuponza ni ile pumzi ya kukwama: mtu anavuta hewa kwa mkoromo, taya linacheza, anatulia, kisha anavuta tena. Huku kwetu wengi wakiliona hilo wanasema ni sakarati, roho inatoka, basi wanamlaza kuelekea kibla na Yasini inaanza. Kisomo sikipingi hata kidogo, kiendelee. Ila mkoromo ule ni dalili kwamba moyo umesimama muda huu huu, na kwamba ubongo bado una uhai kidogo. Mtu wa namna hiyo ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote. Kwa kila dakika inayopita bila CPR wala mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inapungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Mtume mtu kwa jina lake, usipaze sauti hewani tu. "Juma, leta ambu. Mama Zuhura, piga simu." Ambu ni ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono wa kumpulizia mtu hewa. Simu iwe na sauti ya nje, mikono yako ibaki huru. Kama ni ajali ya majini au ya umeme, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Na kama ni umeme, kata mkondo kwanza kabla ya kumgusa.

Hatua ya 2: Pata pagumu

Nguvu yako inakwenda wapi? Kwenye godoro la sponji, sehemu kubwa inaliwa na godoro. Unahisi umezama sentimeta tano kumbe kifua kimezama mbili. Kwenye kitanda cha kamba ndiyo kabisa, ni kama bembea. Mgonjwa wa nyumbani mshushe sakafuni, pembeni ya kitanda, mara moja. Wodini usianze safari ya kumhamisha, pitisha ubao mgumu chini ya mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, wakati wa kubadilishana mkandamizaji na si wakati mwingine.

Ubao wetu alitutengenezea fundi seremala wa hapa hapa mtaani. Una tundu juu na unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Aliuliza kama ni wa kukatia nyama.

Ufukweni, mvute mtu hadi kwenye mchanga mgumu uliolowana, siyo ule mkavu laini wa juu ambako magoti yako na mgongo wake vyote vinadidimia. Ufuko ukiwa na mteremko, mlaze sambamba na ukingo wa maji, kichwa na miguu viwe usawa mmoja. Ndani ya ngalawa hupati nafasi wala uthabiti wa kukandamiza. Ukiweza kumpulizia pumzi wakati mnarudi pwani, fanya hivyo, lakini mbio ziwe za kufika nchi kavu.

Mkandamizaji mfupi kuliko kitanda apande stuli au apige magoti kitandani. Mabega yako yasipokuwa juu ya mikono yako, utatumia misuli ya mikono, na misuli hiyo haimalizi dakika moja.

Hatua ya 3: Kina, kasi, na kuachia

Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake. Viwiko vimenyooka, mwendo unatoka nyongani.

Kina kwa mtu mzima ni angalau sentimeta 5, kisizidi 6. Chukua boksi la kiberiti ulisimamishe wima: urefu wake uko karibu na hapo. Watu wakiliona kwa mara ya kwanza wanashangaa, "mpaka hapo?" Ndiyo, mpaka hapo. Mbavu zinaweza kulia. Hakikisha mkono uko mahali pake, endelea. Mbavu hupona.

Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hapa nina maneno kidogo. Vitabu vinasema hesabu hadi 30, ndipo zije pumzi mbili. Sasa jaribu kuhesabu kwa Kiswahili huku unakandamiza. Kuanzia moja hadi kumi mambo ni mazuri, kila namba ina silabi mbili tu, ngoma inakwenda. Ukifika "kumi na moja" umeshaanza kujikwaa. "Ishirini na saba" ni silabi saba, na wewe una karibu nusu sekunde! Nimewatazama wanafunzi wengi: hadi kumi wako sawa, baada ya hapo ama wanapunguza kasi wakisubiri ulimi, ama wanapotea wanakandamiza 40. Dawa ni hii: hesabu moja hadi kumi mara tatu. Mwenye ambu akunje kidole kila kumi ikiisha. Kidole cha tatu, anapuliza.

Kuna watu wanaopenda kutumia wimbo. Sawa, lakini singeli usiiguse. Inapita mapigo 200 kwa dakika, na kwa kasi hiyo hakuna kifua kinachopata nafasi ya kujaa. Simu nyingi zinaweza kuwekewa programu ya metronomu, ile inayogonga kwa kasi unayoichagua, iwekwe 110. Katika mafunzo yetu aliyewashinda wote kwa kasi thabiti alikuwa kijana mpiga ngoma kutoka upande wa Mikindani. Tulimpima mara tatu bila metronomu, na mara zote tatu alikuwa kati ya 108 na 114. Nesi mwenye cheti ukutani alikuwa na 140.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ni kuachia. Kifua kikipanda hadi mwisho ndipo damu inarudi kwenye moyo. Ukiegemea, hata kidogo, unaukandamiza moyo mtupu. Anayechoka huanza kuegemea bila kujijua, na hawezi kujiona mwenyewe. Mtu wa pembeni ainame, macho yawe usawa wa kifua, aseme "achia" kila anapoona kiganja hakijapanda. Kiganja kiguse ngozi bila kuibebesha uzito.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: theluthi moja ya unene wa kifua, kama sentimeta 5, kwa mkono mmoja au miwili kulingana na mwili wake. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka: kama sentimeta 4. Mkiwa wawili, mshikeni kifua kwa mikono miwili na mkandamize kwa vidole gumba. Mtoto anayezaliwa sasa hivi ana utaratibu wake, hewa kwanza ndani ya dakika ya dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Usichanganye na huu.

Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au zaidi, mtu mmoja asukume tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mgonjwa, alishikilie hapo muda wote. Tumbo likilalia mishipa mikubwa, damu hairudi, na mikandamizo mizuri inapotea bure.

Na kuhusu wanawake. Nimeona wanaume wakisita, wanatafutana macho, mume yupo pembeni, nani aweke mkono kifuani kwa mke wa mtu? Dera halizuii kukandamiza, wala buibui. Weka mkono juu ya nguo, kwenye mfupa wa katikati, anza. Wanawake waliopo washike khanga kuzunguka. Nguo itafunguliwa ikifika mashine ya kushtua moyo, kwa sababu pedi zake zinataka ngozi kavu.

Hatua ya 4: Badilishaneni kila dakika 2, hata kama hujachoka

Ubora unashuka kabla mtu hajahisi kuchoka, na kwa joto letu la Desemba, feni haizunguki, unashuka mapema zaidi. Anayesema "bado niko vizuri" tayari anakandamiza sentimeta 4. Mtunza saa aseme "dakika mbili," na anayepokea awe tayari ameshapiga magoti upande wa pili, mikono hewani. Kubadilishana kusizidi sekunde 5.

Ufukweni huwa kuna watu 30 wamesimama wanatazama. Chagua vijana wanne wenye nguvu, wapange mstari.

Hatua ya 5: Pumzi, na hasa kwa aliyezama

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele ya watu, damu bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika za mwanzo. Kama hutaki au huwezi kumpulizia mdomo, kandamiza tu bila kuacha. Ni bora mara mia kuliko kusimama.

Aliyezama ni mwingine kabisa. Moyo wake umesimama kwa sababu hewa ilikatika kwanza, hivyo kukandamiza bila hewa ni kuzungusha damu isiyo na kitu. Kwake anza na pumzi. Mwongozo wa Ulaya unasema pumzi 5 za mwanzo, wa Marekani unasema 2. Mimi nafundisha 5, kwa sababu ufukweni pumzi mbili za kwanza mara nyingi hazingii vizuri. Kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Kwa mtoto, mkiwa wahudumu wawili, 15 kwa 2.

Usimning'inize miguu juu. Usimkamue tumbo. Usimviringishe juu ya pipa wala juu ya mashua iliyopinduliwa. Najua wazee walifanya hivyo, na maji yakatoka mdomoni watu wakashangilia. Maji yale yanatoka tumboni, hayatoki mapafuni, na dakika nzima imekwenda, pengine na matapishi yameingia kwenye njia ya hewa. Akitapika mwenyewe, mgeuze ubavu, futa kwa khanga, mrudishe, endelea. Povu jeupe lisikupotezee muda, puliza juu yake.

Kila pumzi ni sekunde 1, kiasi cha kifua kuonekana kinapanda, basi. Ambu ya mtu mzima inabeba hewa kuliko inayohitajika. Ibonyeze kwa mkono mmoja. Mtu mwenye hofu anaibonyeza kama honi ya bajaji kwenye kona, na nimewahi kuhesabu pumzi zaidi ya 30 kwa dakika moja. Hewa nyingi hivyo inaingia tumboni na kuleta matapishi, na inajaza kifua shinikizo linalozuia damu kurudi kwenye moyo. Akishawekewa mrija wa hewa, ni pumzi moja kila sekunde 6, bila kusimamisha mikandamizo. Mkiwa wawili kwenye ambu, mmoja abane barakoa usoni kwa mikono yote miwili na mwingine abonyeze. Hewa inayovujia shavuni haimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Hesabu mlipoacha

Hapa ndipo ningetaka muweke nguvu yenu yote.

Kwa kasi ya 110, mikandamizo 30 inachukua kama sekunde 16. Pumzi mbili zikichukua sekunde 4, mikono iko kifuani asilimia 80 ya muda, na hicho ndicho kiwango cha kulenga. Zikichukua sekunde 15, kwa sababu barakoa haikai au ambu imeachwa mezani, mnabaki na asilimia 52. Waliofanya hivyo na waliofanya vile wote wataandika kwenye faili "CPR imefanyika".

Kwa hiyo teua mtu mmoja ambaye kazi yake ni saa na kalamu tu. Asishike sindano, asishike mgonjwa. Kila mikono inapotoka kifuani anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," na ikikaribia kumi anapaza: "Mikono!" Awe na ruhusa ya kumpazia hata daktari wa zamu. Hili linataka makubaliano ya mapema, maana kwetu mdogo hampazii mkubwa sauti, na mgonjwa anafia kwenye heshima. Sisi tulikubaliana kwenye kikao cha asubuhi: neno "Mikono!" halina cheo.

Mshipa wa dripu unatafutwa huku mikandamizo inaendelea. Mkono hauhitaji kutulia hivyo. Dawa ya adrenalini, miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, haisimamishi mikandamizo. Mapigo yanaangaliwa kila dakika 2, wakati wa kubadilishana. Penye mashine ya kushtua moyo, kandamiza hadi pedi zimebandikwa, kandamiza wakati inachaji kama ni ile ya kuendeshwa na mhudumu, mtu aseme "ondokeni," mshtuo, na mikono irudi papo hapo bila kusubiri kuangalia kama amerudi. Wenye kipimo cha kabonidayoksaidi ya pumzi wakiona namba iko chini ya 10, jambo la kwanza ni kutazama mikono: kina, kasi, kuegemea.

Usafiri nao ni mtego. Kwenye bajaji huwezi kukandamiza, hilo tukubaliane. Mtu anapakiwa amekunjwa magotini kwa ndugu, dakika 25 za barabara, mikono sifuri. Endelea hapo hapo chini mlipo wakati mwingine anatafuta gari ambalo mtu atalala chali, pikapu au Noah yenye viti vilivyokunjwa, na wakandamizaji wawili wapande naye.

Hatua ya 7: Mazoezi mafupi, mara kwa mara

Semina ya siku tatu kila baada ya miaka miwili haitoshi. Mikono inasahau ndani ya miezi michache. Dakika 10 kila Jumatatu zinafaa zaidi.

Mdoli wa kununua ni ghali, na msione haya kutengeneza wenu. Mdoli maarufu wa CPR duniani, ule wa mwaka 1960, alitengenezwa na Asmund Lærdal wa Stavanger, Norwei, mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto. Chukueni kiroba, jazeni vipande vya godoro gumu vilivyokazwa kwa kamba mpaka kubonyea sentimeta 5 kuwe kazi kweli. Simamisha rula ubavuni. Si sawa na kifua cha mtu, lakini inafundisha kasi, kuachia na kubadilishana.

Zoezi ni dakika 2, mmoja kwenye kiroba, mmoja kwenye ambu, mmoja na simu yenye saa ya kusimamisha. Baada ya hapo mnaandika namba tatu kwenye daftari: mikandamizo mingapi kwa dakika, sekunde ngapi kwa pumzi mbili, sekunde ngapi kubadilishana. Baada ya tukio la kweli mnakaa dakika 5 na kuandika zile zile, kabla watu hawajatawanyika. Msitafute mchawi, ulizeni tu ni lini mikono ilitoka, na kwa nini.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu bonyezeni ambu mkiwa mmeziba mdomo wake kwa kiganja, muone kama inashika hewa, na hakikisheni barakoa tatu, ya mtu mzima, ya mtoto na ya mchanga, zimefungwa nayo kwenye mfuko mmoja. Jina la aliyekagua liandikwe kwenye daftari lile lile.

Rekodi ya pumzi mbili katika daftari letu ni sekunde 4 kamili, na anayeishikilia ni mhudumu wetu wa usafi. Alikuwa anatutazama tukifanya zoezi wakati anapiga deki, siku moja akaweka fagio chini na kusema, "Hebu nami nijaribu."